Anayechunguza Viuno: Je, Kupima Figo ni Wajibu wa Mkristo?



Kijana mwenzangu, leo naomba tukae kidogo na swali moja lililoulizwa kwenye kikao cha vijana huku kwetu Kasokola. Jumapili ile matangazo yalikuwa ya kawaida tu: ndoa, mchango wa mabati, halafu kwamba watu wa afya watakuja kupima presha, sukari na figo. Watu wakaitikia kwa kichwa, tukatoka. Jioni kwenye kikao, kijana mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema hivi: "Tuseme nimepima. Nimekutwa figo mbovu. Mashine iko mbali, hela sina. Sasa kujua kunanisaidia nini? Si bora nikae na amani yangu mpaka Mungu atakaponiita?"

Baadhi walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Lile ni swali la mtu anayefikiri, na jibu la haraka la "afya ni zawadi ya Mungu, nenda kapime" haliligusi hata kidogo. Yeye hakukataa kwamba afya ni zawadi. Aliuliza kama kuna faida, na kama kuna wajibu, wa kujua jambo ambalo labda huwezi kulibadilisha.

Tuanze na figo zenyewe, maana tunazitaja sana na kuzijua kidogo. Ziko mbili, kila moja karibu ukubwa wa ngumi yako, zimekaa nyuma, chini kidogo ya mbavu. Ndani ya kila moja kuna vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku moja vinachuja kama lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Yaani madumu tisa ya lita ishirini! Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki, lita moja hivi au mbili, ndicho mkojo. Figo pia zinasaidia kupanga presha, kuamrisha mwili utengeneze damu, na kuimarisha mifupa. Mungu aliziumba na akiba kubwa: mtu mwenye figo moja nzima anaweza kuishi vizuri kabisa.

Akiba hiyo ndiyo inayotuponza. Kwa kuwa ipo nyingi, figo zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake na mtu asisikie kitu. Analima, anaendesha boda, anaimba kwaya. Huku kwetu mtu akipalilia tumbaku siku nzima, jioni akishika kiuno atakwambia "figo zinaniuma". Mara nyingi ni misuli. Ugonjwa sugu wa figo kwa kawaida hauumi kiunoni wala popote pengine. Ukianza kuonekana, uso umevimba asubuhi, miguu imejaa maji, mkojo una povu lisiloisha, mwili unawasha, chakula kinakataa, basi mara nyingi umeshakwenda mbali. Na hapo ndipo wengine huanza kuuliza nani kamroga.

Kwa hiyo ugonjwa huu una tabia yake: unapotibika kwa urahisi hauonekani, na unapoonekana hautibiki kwa urahisi. Ni kwa sababu hiyo kupima ukiwa mzima kuna maana ambayo halina kwa magonjwa mengine mengi. Malaria itakuangusha, utakwenda zahanati utake usitake. Figo hazitakuangusha mpaka mwisho.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Wanakupima presha. Unapewa kikopo, unaweka mkojo, mtaalamu anachovya kijiti na kuangalia rangi kama kuna protini au damu, kwa sababu figo nzima haziachi protini ipite ovyo. Wakihitaji zaidi wanachukua damu kidogo kupima kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli. Kutoka hapo, pamoja na umri na jinsia yako, wanakadiria figo zinachuja kwa kasi gani. Kasi ikiwa chini ya 60 kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, huo unaitwa ugonjwa sugu wa figo. Ikishuka chini ya 15, figo zimeshindwa kazi. Angalia hayo maneno "miezi mitatu". Kipimo kimoja si hukumu. Homa, mazoezi makali, U.T.I., hata hedhi, vinaweza kuvuruga majibu ya mkojo. Mtu akikwambia mara moja tu "figo zako mbovu" na hakukwambia urudi upimwe tena, bado hajamaliza kazi yake.

Na ni nani apimwe? Hapa nitasema ukweli hata kama mabango yanasema vingine. Si lazima kila mtu. Wanaohitaji hasa ni wenye presha, wenye kisukari, wanaoishi na VVU, wenye ndugu wa damu aliyeugua figo, waliowahi kupata kifafa cha mimba, waliougua kichocho kwa muda mrefu, wanaomeza dawa za maumivu kila siku, na watu wa makamo na wazee. Kijana wa miaka ishirini asiye na lolote kati ya hayo hajatenda dhambi yoyote kwa kutopima kreatinini.

Lakini kuna jambo linalonizuia nisikuachie hapo. Watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba huko Moshi, Kilimanjaro, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2015. Walikuta watu wazima 7 hivi katika kila 100 wana ugonjwa sugu wa figo, mjini wengi kuliko vijijini. Katika wale waliokutwa nao, mmoja tu kati ya kumi hivi ndiye aliyekuwa anajua. Na karibu nusu yao hawakuwa na presha, wala kisukari, wala VVU. Moshi si Mpanda, sitaki kuhamisha namba kama mtu anahamisha viti. Ila zinatosha kutuonyesha kwamba "mimi sina presha, kwa hiyo sihusiki" si ukuta imara sana. Tena kwetu Afrika kusini mwa Sahara, wengi wanaofikia kusafishwa damu ni watu wa umri wa kufanya kazi, wenye watoto wa shule, wakati Ulaya na Marekani wengi wao ni wazee.

Sasa turudi kwa yule kijana. Nadhani hofu yake imeunganisha vitu viwili vilivyo tofauti. Anadhani kupima ni kwenda kuambiwa habari ya mashine. Wengi wanaokutwa na tatizo kwa kupimwa mapema hawako karibu na mashine. Wanachohitaji ni vidonge vya presha vya kila siku, baadhi yake vikiwa ni vile vinavyolinda figo zenyewe, kushusha sukari, kupunguza chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na ile iliyojificha kwenye dagaa na supu ya kijiweni, kuacha sigara, kuacha kunywa diklofenaki kama pipi. Hayo yote yapo Mpanda mjini. Mtu anaweza kukaa hivyo miaka mingi na mashine asiione. Kwa hiyo, kwa wengi, kujua mapema kunasaidia sana, na kwa gharama ndogo. Mashine inamsubiri zaidi yule ambaye hakutaka kujua.

Sehemu hiyo ilikuwa rahisi. Na yule atakayekutwa amechelewa?

Hapo wapo watakaomwambia asingepima kabisa, angekuwa na amani. Mimi nasita kuliita jambo hilo amani. Amani ambayo inabidi uilinde kwa kutouliza swali ni kama mtoto anayejificha kwa kufumba macho. Kuna jambo katika Maandiko limenishika tangu nianze kufikiria mada hii. Waebrania walipotaja undani wa mtu, pale penye dhamiri na siri zake, hawakutaja moyo peke yake. Walitaja figo. Katika Biblia ya tafsiri ya Union, ambayo wengi tunayo nyumbani, neno hilo limewekwa "viuno" au "mtima", ndiyo maana hatulitambui. Soma Yeremia 17:10, soma Ufunuo 2:23: Mungu anajitambulisha kuwa ndiye achunguzaye viuno na mioyo. Kwa lugha ya asili ni figo. Soma pia Walawi sura ya 3, uone kwamba katika sadaka ya amani figo za mnyama hazikuliwa na mtu. Zilikuwa fungu la Bwana.

Sisemi kwamba Yeremia alikuwa anahubiri kuhusu kreatinini, jamani. Ninachosema ni kwamba kwa Mungu wetu, kuchunguzwa ndani si tusi wala tishio. Tazama Zaburi ya 139, ile inayosema Mungu ndiye aliyeumba mtima wetu tumboni mwa mama. Inaanza na mtu anayekiri kwamba amekwisha kuchunguzwa, hana pa kukimbilia, hata akienda mbinguni au kuzimu. Inakaribia kumkera. Inaisha na mtu yuleyule akiomba achunguzwe. Katikati ya hapo hakuna kilichobadilika kwa upande wa Mungu. Ni mtu ndiye aliyehama kutoka kujulikana kwa kulazimika na kufika kutaka kujulikana. Nafikiri huo ndio mwendo anaoutafuta yule kijana, ila anaogopa hatua za katikati.

Wapo wanaovaa hofu hiyo nguo ya imani. "Mimi namwamini Mungu, sihitaji vipimo." Kumbuka nani alimwambia Bwana wetu ajitupe kutoka juu ya kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka. Yesu hakukubali, wala hatusemi kwamba alipungukiwa imani. Sisi Wakatoliki tuna bahati ya kuwa na kitabu cha Yoshua bin Sira, na sura yake ya 38 inaeleza jambo hili kwa utulivu wa ajabu: mgonjwa asali, atubu, atoe sadaka, halafu ampishe tabibu, maana naye Mungu ndiye aliyemuumba, na dawa Mungu amezitoa katika ardhi. Sala na tabibu havigombanii kiti kimoja.

Na sisi wa mkoa huu hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Karema, kule kando ya Ziwa Tanganyika, alifanya kazi Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa uganga huko Malta, kisha akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Hakuwa padre. Alikuwa mlei, katekista na daktari kwa pamoja, mwenye mke, na mtoto wake akaja kuwa padre. Alitibu na kufundisha katekisimu mahali hapohapo zaidi ya miaka sitini, hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu akitaka kunishawishi kwamba hospitali na kanisa ni vitu viwili vinavyovutana, namwomba aanze kwa kunieleza maisha ya mzee huyu.

Katekisimu, namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya tumekabidhiwa na Mungu, na tunapaswa kuvitunza kwa busara, tukizingatia mahitaji ya wengine. Hayo ya "wengine" ndiyo yanayonifanya nione kwamba kwa watu fulani kupima kweli ni wajibu. Baba mwenye watoto watano, mwenye presha anayoijua tangu mwaka juzi, anayemeza dawa siku anazoumwa kichwa tu, hawezi kusema mwili ni wangu mwenyewe. Akianguka, atakayeacha shule ni binti yake. Kwake mimi sioni kupima kuwa ni ushauri tu.

Lakini hebu niseme jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha kwenye mahubiri yetu, na nadhani ndilo lililomnyamazisha yule kijana muda wote ule. Watu wengi hawaogopi majibu. Wanaogopa amri inayokuja baada ya majibu. Wanajua wakiambiwa figo zimekufa, ukoo utakaa, ng'ombe watauzwa, shamba litauzwa, mdogo wake atatolewa shule, na kila mtu ataona kwamba ndivyo Mkristo anavyopaswa kufanya. Kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Hesabu: zaidi ya mara 150 kwa mwaka, na haina mwisho mpaka upandikizwe figo nyingine au ufe. Bila bima, kwa familia ya mkulima wa mahindi na karanga, hilo si tundu la kuziba, ni mto.

Kanisa halikudai kamwe kwamba lazima ufanye kila kinachowezekana. Tarehe 24 Novemba 1957, Baba Mtakatifu Pio wa XII alizungumza na madaktari wa usingizi, akaeleza mafundisho ambayo wanateolojia walikuwa nayo kwa karne nyingi: tunawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, kulingana na mtu, mahali na wakati, hatuwajibiki kutumia njia zinazotuletea mzigo mzito kupita kiasi sisi au wengine. Katekisimu namba 2278 inaendelea hapohapo: kuacha matibabu yenye mzigo usiolingana na faida yake si kujiua, ni kukubali kwamba huwezi kuzuia kifo. Anayeamua ni mgonjwa mwenyewe akiwa na akili zake, kwa kushauriana na daktari.

Sasa weka hayo kwenye swali letu. Kikopo cha mkojo ni njia ya kawaida. Kidonge cha presha ni njia ya kawaida. Kusafisha damu, kwa mtu mwenye bima anayekaa jirani na hospitali, huenda kukawa ni njia ya kawaida; kwa mjane wa kijijini ambaye angelazimika kuhama mkoa, huenda kusiwe. Kwa hiyo majibu ya kipimo si amri ya mahakama. Ukikutwa umechelewa, hujaandikiwa deni mbele ya Mungu la kuuza kila kitu. Unaweza kuchagua mashine bila aibu, na unaweza kuiacha bila dhambi. Kijana anayejua hilo ana sababu moja ndogo zaidi ya kukimbia kijiti cha mkojo.

Na aliyechagua kuiacha, kujua kumempa nini? Kumempa muda. Muda wa kusema shamba ni la nani wakati bado anasikika. Muda wa kulipa deni la mbolea, wa kupatana na kaka yake waliyegombana juu ya mpaka, wa kupokea Mpako wa Wagonjwa akiwa amekaa kitini na si wakati ulimi umeshakuwa mzito. (Jamani, sakramenti hii si ya maiti. Tumwite padre mapema.) Na kumempa kuepuka matapeli, kwa sababu mgonjwa asiyejua anachoumwa ndiye mteja wao mkubwa.

Kuhusu matapeli nitasema kidogo. Sasa hivi kwenye simu zetu zimejaa chupa za "kusafisha figo". Figo hazisafishwi kwa chupa. Zenyewe ndizo zinazosafisha. Na kitu kuwa cha mitishamba hakukifanyi kiwe salama. Miaka ya 1990, huko Ubelgiji, wanawake wapatao mia moja waliharibikiwa figo baada ya kutumia dawa za kupunguza mwili zilizochanganywa na mmea mmoja wenye sumu. Hawakuwa wajinga, wala hawakuwa vijijini. Ukiugua, mwambie daktari kila unachokunywa, pamoja na mizizi ya bibi. Bibi hatakasirika.

Bado kuna upande ambao yule kijana hakuuliza, ila unatuhusu sisi tunaotangaza siku za kupima. Mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, Dkt. Belding Scribner aligundua namna ya kumwunganisha mgonjwa na mashine mara nyingi bila kuharibu mishipa yake. Ghafla mtu aliyekuwa wa kufa aliweza kuishi. Lakini mashine zilikuwa chache, wagonjwa wengi. Wakaunda kamati ya watu saba, majina yao yakafichwa: mchungaji, mwanasheria, mama wa nyumbani, mwenye benki na wengine. Kazi yao ilikuwa kuchagua nani aunganishwe. Waliangalia kazi ya mtu, watoto wake, mali yake, hata kama ni mtu wa kanisani. Gazeti la Life lilipoandika habari hiyo mwaka 1962, watu walishtuka: nani amewapa hawa kiti cha Mungu? Mwaka 1972 bunge lao likaamua serikali igharimie karibu wote wanaohitaji.

Tunawashangaa wale saba. Lakini na huku kwetu uchaguzi unafanyika, ila hakuna aliyekaa kikao. Nauli ndiyo inachagua. Kadi ya bima inachagua. Umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam unachagua. Tofauti ni kwamba huwezi kuulaumu umbali, kwa hiyo hatushtuki. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge letu mwaka 2023, na Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lake la kwanza kuhusu afya ya figo. Ni hatua njema. Kijana Mkatoliki anayeona haki kuwa sehemu ya imani yake ana haki ya kuuliza, kwenye mkutano wa kata kama kwenye sinodi, hatua hizo zimefika wapi.

Na parokia inapoalika watu wa afya, isiishie kwenye foleni na picha. Kumpima mtu, kumwambia presha yako ni 180, halafu kukunja meza na kuondoka, ni kumtwisha mzigo na kumwacha barabarani. Msamaria hakuangalia jeraha tu; alimpeleka mtu yule kwenye nyumba ya wageni, akalipa, na akasema atarudi. Kabla ya kutangaza siku ya kupima, jumuiya iamue nani atamsindikiza mwenye majibu mabaya hadi hospitali, nauli itatoka mfuko gani, na nani atamkumbusha arudie kipimo baada ya miezi mitatu. VIWAWA tunaiweza kazi hii. Wengi wetu tuna pikipiki. Jambo jingine: majibu ya mtu ni siri yake. Si nia ya sala ya jumuiya mpaka mwenyewe aseme iwe.

Kuna kupima kwa aina nyingine ambako kunaweza kukufuata ukiwa mzima kabisa. Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Zamani wagonjwa wetu walipelekwa India. Maana yake siku moja ukoo unaweza kukaa na kukutazama wewe, kwa kuwa wewe ndiye kijana mwenye nguvu, ukapimwe kama figo yako inamfaa mjomba. Mtakatifu Yohane Paulo II, akizungumza Roma mwezi Agosti mwaka 2000, alisifu utoaji wa viungo kama tendo la kweli la upendo, na papo hapo akasisitiza kwamba lazima mtoaji awe amekubali kwa hiari na kwa kuelewa. Zawadi iliyotolewa kwa kushikwa shati si zawadi. Ukikubali, ni jambo kubwa. Ukishindwa, hujamuua mjomba, na yeyote asikwambie hivyo.

Mwishoni mwa kikao yule kijana alikubali kupima. Halafu akaleta jambo lililokuwa linamsumbua muda wote: hakuwa anajiuliza habari zake. Ni baba yake. Ana presha, miguu imeanza kuvimba jioni, na kila akiambiwa aende anasema wazee wake hawakupima na walizeeka. Akauliza, je, naweza kumlazimisha? Nikamwambia hapana, wala usimdanganye kwamba mnakwenda sokoni. Ni mtu mzima, ni baba yako, na dhamiri yake ni yake. Ila huku kwetu mzee hamsikilizi sana mtoto. Anamsikiliza mzee mwenzake. Kuna mwenyekiti wa jumuiya yao, wanacheza bao pamoja, na yeye tayari anatumia vidonge vya presha. Tukakubaliana kijana aende kwa mwenyekiti kwanza, kesho yake baada ya Misa ya asubuhi, amwombe kwa heshima: "Shikamoo baba. Siku ile ya kupima, naomba umpitie mzee wangu, mwende wote."